Kimya kati ya mkoromo na mkoromo: Nesi Mstaafu anajibu barua zenu

Mwezi uliopita niliandika mistari minne tu kuhusu kukoroma, nikasema si kila anayekoroma ana usingizi mtamu. Sikutegemea kilichofuata. Simu yangu imejaa ujumbe kutoka Kigoma mpaka Maskati, na mmoja wenu kanitumia sauti ya mumewe akikoroma kwa dakika nne. Niliisikiliza nikichambua mchele. Dakika ya pili sauti ikakatika, nikadhani kifurushi kimeisha. Nikaitazama simu, bado inasoma. Nikaigeukia saa ya ukutani nikaanza kuhesabu: sekunde 38 za kimya. Kisha ukaja mgutuko, kama wa mtu aliyezama kisimani akaibuka ghafla. Muda wote huo mkono wangu ulikuwa umesimama juu ya ungo.

Naanza na barua ya mwenye sauti hiyo, na nitakaa nayo kuliko nyingine. Wengine mnisamehe.

*Shikamoo Nesi. Mume wangu ana miaka 47, ni dereva wa lori la kwenda Tunduma. Anakoroma mpaka watoto wamehamia sebuleni. Ila kinachonitia hofu ni kwamba anakata pumzi, halafu anashtuka, anageuka, anaanza upya. Asubuhi kichwa kinamgonga na mdomo umekauka. Usiku anaamka kukojoa mara tatu, mara nne, na sukari amepimwa hana. Anameza dawa za presha aina tatu na bado inasoma 160 kwa 100. Aliwahi kusinzia kwenye foleni ya mizani pale Vigwaza mpaka wa nyuma wakampigia honi. Kaka yake alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 52, naye alikuwa akikoroma hivihivi. Nikimwambia twende hospitali ananicheka, eti mwanaume asiyekoroma hajafanya kazi. Mama mkwe anasema ni jinamizi, tufukize ubani. Kukoroma kunaleta kiharusi kweli, au najitia wasiwasi bure?*
*Mama Watatu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hujitii wasiwasi bure. Ubani fukizeni tu, chumba kitanukia, lakini koo la mumeo halitafunguka kwa moshi.

Ngoja nikueleze kinachotokea humo ndani. Mtu akilala, misuli yake yote hulegea, ya koo pia. Ulimi hurudi nyuma, kimio na nyama laini ya kaakaa hushuka. Kwa wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwa wengine hubana kidogo, hewa ikapita kwa kutetemesha nyama, na huo ndio mkoromo. Kwa mumeo inafunga kabisa. Umeshawahi kunywa soda kwa mrija wa karatasi uliokwisha kulowa? Unavuta, kuta zinagusana, soda haiji. Ukizidi kuvuta ndipo unazidi kubana. Usiku wa leo mtazame wakati wa kile kimya: kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, lakini puani hapatoki kitu. Mtu aliyetulia tu usingizini hahangaiki hivyo. Hospitalini tunaita apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi ukiwa umelala.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tunahesabu moja, na nyakati pumzi inapopungua sana bila kukatika tunazihesabu vilevile. Zikifika 5 kwa saa, tatizo limeanza. Kuanzia 15 ni la wastani. Kuanzia 30 ni kali. Katika dakika zako nne mimi nimesikia tatu. Sauti ya simu si kipimo, na pengine ulirekodi wakati mbaya kuliko zote, lakini mwendo ukiwa huo ni 45 kwa saa.

Sasa kiharusi kinaingiaje? Kila pumzi inapokatika, oksijeni kwenye damu inashuka. Ubongo hauna subira na jambo hilo. Unapiga kengele, mwili unamwaga zile homoni za kukurupuka, zilezile zinazokutoka ukifukuzwa na mbwa. Mishipa inabana, presha inaruka, mtu anazinduka nusu, koo linafunguka, anavuta hewa, anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki hata moja. Anakwambia amelala saa nane mfululizo, na wala hasemi uongo, ndivyo anavyojua.

Presha ya mtu aliyelala vizuri hushuka usiku. Ndiyo mapumziko ya mishipa. Ya mumeo haipumziki, inapanda na kushuka kama lori lake kwenye matuta, usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Mishipa midogo ya ubongo inachoka, inakakamaa, siku moja mmoja unaziba au unapasuka. Ndiyo maana pia dawa tatu hazifui dafu. Nilipokuwa kliniki ya presha tulikuwa wepesi wa kumgombeza mgonjwa, "wewe humezi dawa." Tulimgombeza mpaka akaacha kuja. Ilituchukua muda kujifunza kumwita mke pembeni na kumuuliza: mzee analalaje?

Kuna na njia ya moyo. Kifua kinapovuta hewa isiyokuja, mvuto ule unautanua moyo, hasa vile vyumba vya juu. Vikitanuka miaka mingi vinaweza kuanza kupiga ovyo, bila mpangilio. Damu inatuama humo, inaganda bonge, bonge linasukumwa na kupanda ubongoni. Na huo moyo uliotanuka unadhani mwili umejaa maji kupita kiasi, basi unatoa homoni ya kuyaamrisha mafigo yamwage. Hiyo ndiyo safari ya chooni mara nne ya mtu asiye na sukari. Wengi wanasingizia tezi dume.

Haya si maneno yangu mwenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya watu 1,022 waliopimwa usingizi kisha wakafuatiliwa. Waliokuwa na tatizo hili, hatari yao ya kupata kiharusi au kufa ilikuwa karibu mara mbili ya wenzao, hata baada ya kuweka kando umri, uzito, sukari na presha. Mwaka 2010 ukatoka utafiti mwingine wa hukohuko Marekani wa watu 5,422 ambao hawakuwahi kupata kiharusi, wakafuatwa karibu miaka 9. Wanaume waliokuwa na hali ya wastani kwenda kali walipata kiharusi karibu mara tatu ya wasiokuwa nayo. Kwa wanawake uhusiano ulionekana kwa wale tu wenye hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi: mkoromo wenyewe ni kelele. Mimi kinachonitisha ni kimya. Anayekoroma mfululizo mpaka asubuhi ananisumbua masikio tu. Anayekoroma, akanyamaza, akashtuka, huyo ndiye wa kumpeleka. Na kuhusu shemeji yako, siwezi kusema kilichomuua. Hakupimwa, na marehemu hatumsingizii. Lakini ndugu wa damu hurithiana maumbo ya taya na koo, hurithiana na presha.

La kufanya. Kwanza hiyo sauti, usiifute. Irekodi tena usiku mwingine, dakika 10, simu ukiiweka kwenye stuli. Pili chukua tepu ya fundi cherehani umpime shingo usawa wa koromeo. Ikizidi sentimita 40, iandike. Tatu, andika kwenye daftari: anakoroma, anachoka mchana, umeshuhudia pumzi ikikatika, ana presha, ni mwanaume. Hapo ana matano kati ya mambo manane wanayouliza madaktari duniani kote. Yaliyobaki ni unene, umri kupita 50, na hiyo shingo. Daktari akiona karatasi hiyo hatakutuma nyumbani na paracetamol. Mwombe akuandikie kwenda hospitali kubwa, idara ya masikio, pua na koo, au ya kifua, au ya mishipa ya fahamu. Kipimo ni kulala na kifaa kinachosoma pumzi na oksijeni, na kingine humbana kidole kama kibanio cha nguo. Siku hizi kuna vya kwenda kulala navyo nyumbani. Ulizia bei mapema, na kama ana bima ya kazini waulize wakujibu kwa maandishi, maana maneno ya dirishani hubadilika ukirudi na bili.

Akikutwa na apnia, dawa kubwa ni mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago cha puani, sisi tunaiita sipapu. Aliyeianzisha ni daktari wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, akaitangaza mwaka 1981. Alitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Hewa inayosukumwa inalishikilia koo wazi kama upepo unavyolishikilia puto. Haina kemikali na haina oksijeni ya mtungi, ni hewa tu. Kwa wengi kusinzia mchana hupungua tangu wiki ya kwanza, na presha nayo hulegea kiasi.

Hapa sitakuficha kitu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo pamoja na apnia. Nusu walipewa mashine. Mwisho wa yote, viharusi na mashambulizi ya moyo havikupungua kwa waliopewa. Wapinzani wa mashine wakashangilia. Mimi nikasoma mstari wa chini: kwa wastani waliivaa saa 3.3 kwa usiku. Ni kama kumeza nusu ya kidonge cha presha kisha kushangaa. Sisemi imethibitishwa kwamba inazuia kiharusi, haijathibitishwa hivyo. Nasema inamfanya alale, aamke mtu, aendeshe akiwa macho, na hayo kwa dereva ni uhai. Kabla kiharusi hakijamfikia mumeo, kuna mteremko wa Kitonga unamsubiri. Mpaka apimwe, mwambie akisikia usingizi aegeshe, alale nusu saa. Asishindane nao kwa kahawa na miraa.

Wakati mnasubiri kipimo: asilale chali. Mshonee mfuko mgongoni mwa fulana, utie mpira wa tenisi. Atakutukana siku tatu, ya nne atazoea kulala ubavu. Bia za jioni aziache, zinalegeza koo zaidi, na dawa za usingizi asiguse kabisa. Kama ana kitambi akipunguze. Utafiti wa Wisconsin uliotoka mwaka 2000 ulikuta aliyepungua asilimia 10 ya uzito, kukatika kwa pumzi kulipungua kwa takriban robo. Dawa za presha aendelee nazo zote tatu.

Na kumshawishi? Sauti hiyo usimchezee mbele ya mama mkwe wala watoto, utamfedhehesha na hataenda ng'o. Mchezee peke yenu, mchana, akiwa ameshiba. Usiseme neno. Ikifika ile dakika ya pili, mwambie ajaribu kubana pumzi mpaka kimya kiishe.

*Nesi, mimi nina donge. Kaka yangu, miaka 58, aliamka saa 12 asubuhi mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Saa 12 na nusu tulishafika hospitali. Daktari akatuambia kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini "muda umepita". Muda gani, nusu saa? Tumeonewa, au walitaka chochote?*
*Mdogo mtu, Arusha*

Pole sana mdogo wangu. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kumtetea mtu nisiyemjua. Lakini hesabu ya daktari naijua, kwa sababu niliwahi kufanyiwa mimi.

Dawa ile ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze, baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba ndani hakuna damu inayovuja. Ikipita hapo, mara nyingi hatari ya kuvuja inauzidi msaada wake. Kwa aliyeshikwa sokoni mchana kila mtu anajua saa. Kwa aliyeamka nacho, hakuna ajuaye. Basi saa inahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Kaka yako alilala saa ngapi? Kama ni saa 4 usiku, kwenye karatasi ya daktari mlifika baada ya saa 8 na nusu, ingawa kwa macho yenu ni nusu saa. Takriban kiharusi kimoja kati ya vitano ni cha namna hiyo, mtu analala mzima anaamka nacho. Zipo hospitali duniani zenye kipimo cha MRI kinachoweza kukisia kama kiharusi bado ni kibichi, na utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha baadhi ya watu hao wanaweza kupewa dawa. Lakini hiyo ni mashine, wataalamu na dawa, vyote viwe pamoja asubuhi hiyohiyo, na hata dawa yenyewe huku kwetu haipo kila mahali.

Mzee wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikoroma miaka 17 nikiwa ubavuni pake, akikatika na kuanza, nami nina cheti cha uuguzi ukutani. Dawa yangu ilikuwa kiwiko. Nampiga kiwiko, anageuka, nalala. Siku ile tulisikiliza taarifa ya habari, saa 3 akaingia kulala. Saa 9 usiku nilizinduka nikasikia kimya. Nilimshukuru Mungu kwa kimya kile, nikavuta shuka. Saa 11 alfajiri nimechemsha chai, nikamwita. Akakaa kitandani, akanyoosha mkono wa kushoto, akasema "niletee... niletee..." na neno kikombe likakataa kuja. Alikuwa analiangalia.

Kwenye mapokezi kijana mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa: mama, mara ya mwisho kumwona mzima ni lini? Mimi niliyewauliza watu swali hilo nimeshika kalamu, sijui mara ngapi, nilisimama pale na kanga moja begani nikajibu, saa 3 usiku. Akaandika. Nikamwona anatoa saa 11 kwa saa 3.

Baada ya miezi miwili alipimwa usingizi. Mara 41 kwa saa. Siku hizi anatembea na mkongojo mpaka msikitini na kurudi. Namba zinamtoka vizuri kuliko majina. Mimi ananiita, lakini wajukuu anawataja kwa miaka yao. Analala na mashine.

Je, apnia ndiyo inayofanya watu waamke na kiharusi? Zipo tafiti zilizokuta hali kali zaidi ya apnia kwa walioamka nacho kuliko walioshikwa mchana, na ukifikiria presha inavyoruka usiku si ajabu. Lakini viharusi vya alfajiri vina sababu nyingine pia, presha hupanda yenyewe kuelekea kupambazuka.

Linalokufaa wewe sasa: kaka yako apimwe usingizi, kwa sababu zaidi ya nusu ya watu waliopata kiharusi hukutwa na tatizo hili, na kiharusi cha pili hupenda kukifuata cha kwanza. Apimwe na moyo kwa ECG kuona kama unapiga ovyo. Na nyumbani kwenu wekeni mazoea haya: mtu akiamka usiku kukojoa, mwenzake amsemeshe. "Uko salama?" "Niko salama." Akijibu vizuri saa 8 usiku, basi saa ya daktari inaanzia saa 8, haianzii saa 4. Mkono mmoja ukishuka wenyewe anapoinua yote miwili, uso ukienda upande, maneno yakiyumba, ni gari moja kwa moja mpaka hospitali yenye CT. Msipitie duka la dawa, msimpe aspirini kabla ya kipimo, msimlishe wala kumnywesha.

*Mimi ni mwembamba, kilo 61, na bado mke wangu asema nakata pumzi. Kwani haya si maradhi ya wanene?*
*Baba Mwembamba, Kisauni, Mombasa*

Unene ni mlango mkubwa, si mlango pekee. Taya fupi iliyorudi nyuma, tonsili kubwa, pua iliyoziba, ulimi mpana, shingo nene bila tumbo, vyote hufanya. Kuna pia wanawake waliokoma hedhi. Wao mara nyingi hawakoromi kwa kishindo, wanalalamika uchovu na kukosa usingizi, wanapewa dawa za wasiwasi. Mkeo keshakupima bure. Nenda na wewe.

*Nesi, niko Maskati kikazi. Mama yangu, miaka 66, yuko Wete, Pemba, ana miezi miwili tangu kiharusi, upande wa kulia. Alipimwa Dar akaambiwa ana apnia na anahitaji mashine, mpya ni ghali. Rafiki yangu hapa anauza iliyotumika, kwa riali chache. Nimtumie? Na je atakubali? Walipomjaribisha alikivua kinyago akalia, anasema anakabwa.*
*Mtoto wa Mama*

Nimefurahi umeuliza kabla ya kununua. Mashine si viatu. Kila mgonjwa ana kiasi chake cha msukumo wa hewa, kinapatikana kwa kipimo na kinaandikwa na daktari. Iliyowekwa kwa ajili ya rafiki yako inaweza kuwa ndogo mno kwa mama au ikamjaza upepo tumboni. Kwa hiyo kwanza pata karatasi ya kipimo cha Dar, uone kimeandikwa nini. Pili, tazama mfano na mwaka wa mashine. Mwaka 2021 mamilioni ya mashine za aina fulani ziliitwa zirudishwe kiwandani kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele ilikuwa inamong'onyoka na kuingia kwenye hewa. Ukiangalia namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji utajua kama ni miongoni mwake. Ikiwa ni hizo, iache hapohapo. Tatu, kinyago, bomba na chujio nunua vipya, usimvishe mama mate ya mtu. Umeme usikutie shaka, mashine nyingi hupokea volti 100 mpaka 240, na plagi ya Oman yenye meno matatu bapa ndiyo hiyohiyo ya Pemba. Tatizo ni ukikatika. Mashine inazima, kwa hiyo awepo mtu chumbani wa kumvua kinyago.

Kuhusu kulia, namwelewa. Mtu aliyekwisha kupoteza mkono wake wa kulia unamfunga kitu usoni, tena usiku. Mzee wangu alikitupa mara mbili, mara ya pili kikaingia kwenye beseni. Nilichofanya ni kuacha kabisa habari ya usiku. Mchana, amekaa kitini, redio inaongea, nilimpa kinyago akishike mwenyewe kwa mkono mzima, akiweke puani bila mikanda, mashine haijawashwa. Dakika 5. Kesho yake ikawashwa kwa msukumo mdogo. Wiki ya pili mikanda. Alianza kusinzia nacho baada ya chakula cha mchana, na usiku ukafuata wenyewe. Chagua kinyago cha pua tu, kidogo, si kile kinachofunika pua na mdomo. Ila kwa mama upande mmoja wa midomo umelegea, hewa itavujia pale. Upo ukanda wa kidevu wa kusaidia.

Moja usilivuke: lazima aweze kukivua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, au alale na mtu. Aliyepooza akitapika ndani ya kinyago na hana wa kumvua, hiyo ni hatari kuliko apnia. Mpaka mashine ifike, mnyanyulieni kichwa cha kitanda, alale ubavu, mto mgongoni, na bega lake la kulia lisilaliwe wala lisining'inie.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, miaka 20. Nikilala chali naamka siwezi kusogea, nahisi mtu kanikalia kifuani, nataka kupiga kelele sauti haitoki. Nilivyosoma mambo ya pumzi nimeogopa. Nitapata kiharusi?*
*Binti, Kigoma*

Marahaba binti. Hapana. Hilo ndilo jinamizi lenyewe, na halina meno. Akili imeamka kabla ya mwili, mwili bado umefungwa na usingizi wa ndoto, baada ya dakika moja au mbili unafunguka. Linawapenda wanafunzi wanaokesha na kulala saa zisizoeleweka. Lala ubavu, lala saa ileile kila siku, na ukishikwa jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu tu. Kama linakuja kila wiki, au mchana unaangushwa na usingizi darasani, hapo muone daktari.

Tofauti yake ni kwamba jinamizi unalikumbuka, unalisimulia mwenyewe asubuhi na jasho lako. Mwenye apnia hana cha kusimulia. Kwa hiyo mwulize unayelala naye chumba kimoja hapo hosteli, na kama atakwambia habari za kimya na mgutuko, rudi juu ukaisome barua ya Mama Watatu.